Viatu vya Mama vya Harusi

Rubona, Gisenyi
14 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Ndahiro,

U hali gani huko Tabora? Na mchumba wako Uwingabire, kile kikohozi kimemwacha? Sisi tunaamka, Mungu anatusaidia, ila Mama si mzima. Nakuandikia barua kwa sababu nikishika simu tu Mama yuko ubavuni, anauliza Ndahiro anasemaje, na haya sitaki ayasikie.

Unaikumbuka ile picha ya Pasaka? Ulituma ujumbe kwamba Mama amenona. Lo, tulivyofurahi! Majirani nao kila wakimpita: "Mama Umuhire, umenenepa, hongera!" Naye anacheka: "Bon, ni samaki ya hapa, sambaza, iko nanilisha muzuri." Akaenda sokoni kununua viatu vikubwa vya harusi yako, maana vya zamani havimwingii. Kumbe ni maji, ndugu yangu. Tulikuwa tunaupongeza ugonjwa.

Alipoanza kulala ameketi, anahema, nikampeleka hospitali. Daktari, binti mpole aitwaye Belyse, alinichorea moyo. Una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, kisha hubana na kuisukuma kwenye vile vya chini. Vya Mama vimetanuka, havibani tena, vinatetemeka tu. Basi damu inarundikana nyuma, kama watu pale mpakani asubuhi mlango mmoja ukifungwa, na maji yanajaa mapafuni na miguuni. Mimi nilidhani moyo ukipiga, umepiga, basi.

Sasa anakunywa dawa za kupunguza maji na za kuzuia damu isigande. Miguu imepungua, naye ananung'unika kwamba amekonda, watu watasema simlishi! Chumvi amekatazwa, nayo ndiyo vita yetu ya kila siku. Naumia sana, Ndahiro. Laiti mmoja wetu angeubonyeza ule mguu, akaona kidole kinavyoacha shimo, badala ya kuusifu.

Safari ya basi hadi Tabora kwa harusi yenu daktari ameikataa kabisa. Mama hajui. Kila jioni anavijaribu vile viatu, na sasa vinampwaya. Nimeshindwa kumwambia.

Donc, nakuomba: zungumza na wakwe, mje mfunge ndoa hapa Rubona, wala msingoje Desemba.

Mjomba Aloys na mkewe Mukabera wanawasalimu sana. Mungu awafungulie njia na awafikishe salama.

Viatu nimevijaza pamba mbele. Njooni angali anaweza kusimama ndani yake.

Dada yako akupendaye siku zote,
Umuhire