Niliyemwita Msaliti Ndiye Aliyemsimamisha Mama Yangu

Shangazi Ritah mpendwa, naomba unisaidie, maana nina furaha na aibu kwa pamoja na sijui nianze na lipi. Mimi ni mkuu wa wahudumu katika makao ya wazee huku Ombaci, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kila Alhamisi mchana nilikuwa nawafundisha wenzangu kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili, kumkalisha wima kabla ya kumlisha asije akapaliwa, kumwogesha bila kumvunjia heshima, na wakawa wazuri mpaka nyumba nyingine zikaanza kuwatamani. Mwaka jana makao mapya yalifunguliwa Koboko, wakaniacha watatu ndani ya mwezi mmoja, na wa mwisho alikuwa Rashida, ambaye nilimpokea hajui hata kutandika kitanda chenye mgonjwa, na siku anaaga nilimwambia mbele ya watu wote, "Wewe ni msaliti, usikanyage hapa tena." Yeye alinijibu kwa upole tu, "Mama, mimi naenda karibu na watoto yangu. Kazi ulinifundisha iko kwa kichwa, haiwezi kupotea."

Shangazi, kwa hasira nikaacha kufundisha, nikasema kwa nini nijichoshe kuwafundisha watu wa wengine, na mkurugenzi wetu, Bwana Obitre, akaniunga mkono, basi wapya walioajiriwa wakawa wanaiga tu wanachokiona.

Mwezi wa pili mama yangu, mwenye miaka themanini na moja, aliteleza kule Abuku akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, na kwa kuwa vitanda vyetu vilikuwa vimejaa, kaka yangu Ondoga akampeleka makao yale yale ya Koboko bila kuniuliza. Nilikwenda nikiwa tayari kwa ugomvi. Sikusalimia mtu, nilifunua shuka nikakagua visigino, kiuno, mgongo, nikitafuta kosa, na sikulipata, ngozi ya mama ilikuwa safi na kavu, na ukutani palikuwa na karatasi ya saa za kumgeuza, kila saa imetiwa sahihi. Mara Rashida akaingia na bakuli la uji, akaniona, akasema, "Karibu, Mama. Ngoja kwanza tumukalishe muzuri." Akamkalisha wima, akampa kijiko kimoja, akangoja ameze, ndipo akachota kingine, vile vile nilivyomfundisha, nami nikatoka nje nikalie huko.

Wiki ya saba mama alitembea na chuma chake cha kushikilia kutoka kitandani hadi getini, wahudumu wakapiga vigelegele, naye akawageukia, "Mbona kelele? Hamujaona mutu anatembea?" Sijawahi kuwa na siku kama ile maishani.

Lakini Jumatatu, nikiwa kazini, nilimgeuza Mzee Aliga nikakuta kidonda kiunoni, kikubwa kama kifuniko cha soda, cha kwanza kwetu baada ya miaka minne, na mhudumu wa zamu akaniambia hakujua kwamba mzee anageuzwa hata akiwa amelala. Sasa Rashida ananiomba niende Koboko mara moja kwa mwezi niwafundishe wenzake, Bwana Obitre anasema nitakuwa nawanoa washindani wetu, nami hata kumtazama Rashida usoni siwezi. Nifanye nini?

Drateru, Ombaci

Drateru, hongera! Niliposoma mama alivyofika getini nilipiga kigelegele peke yangu ofisini, wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Haya, sasa kaa chini nikugombeze.

Hasira yako ilikuwa juu ya Rashida, lakini kidonda kimempata Mzee Aliga. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, mwite muuguzi akisafishe, kisha wapigie watoto wa mzee uwaambie ukweli kwa mdomo wako mwenyewe. Wasiusikie kwa mwingine. Na yule mhudumu wa zamu usimfokee, hajaiba kitu. Wewe ndiye uliyemnyima.

Alhamisi hii rudisha somo. Usihubiri: walaze wenyewe kitandani, wageuzane, walishane uji, waone mtu anavyojisikia. Bwana Obitre akinung'unika, mpeleke kitandani kwa Mzee Aliga, mwambie, "Huyu alihudumiwa na mtu aliyebaki kwetu bila kufundishwa." Halafu muulizeni kila mhudumu kinachomsumbua kabla hajafungasha. Rashida alikutajia watoto wake waziwazi, wewe ukasikia usaliti!

Koboko utakwenda. Ulimtukana mbele ya watu, basi na radhi umwombe mbele ya watu, wala usimvute pembeni kumnong'oneza. Dada yangu, huoni ulichofanya? Ulifundisha kazi vizuri kiasi kwamba ilivuka mpaka wa wilaya, ikamkuta mama yako mzazi kitandani, ikamwinua. Walimu wengi wanazeeka bila kuona hata nusu ya hilo. Tembea kifua mbele, ila ulimi uufunge.

Neno la mwisho. Jambo la kumsimamisha bibi wa miaka themanini na moja aliyevunjika nyonga, kwa wiki saba, hujaandika popote kwamba wewe uliwahi kulifanya. Rashida amelifanya. Mwalike Ombaci aje awafundishe, mkabidhi chumba kizima, na wewe ukae kwenye benchi pamoja na wale wapya, ushike kalamu, uandike.