Magodoro ya Stoo

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

U hali gani, na watoto hawajambo? Mimi nipo, ila si wa kudumu. Daktari ameacha kunitajia mwezi ujao, nami simuulizi.

Utakumbuka ulivyokuja kwenye kituo chetu cha kulea biashara changa na lile godoro lako la kujazwa upepo kwa pampu ya mguu, la kumkinga mgonjwa wa kitandani na vidonda vya mgongo. Mauzo yakapanda. Ukaacha ualimu, na mama yako, dada yangu, akauza nyumba ili upanue karakana. Kisha wateja wakakatika ghafla, ukafunga.

Wateja hawakuwapo. Nilikuwa mimi. Wafadhili walitaka kuona biashara moja inayokua, la sivyo wafunge kituo. Nikamtuma dereva, mlinzi, mke wa mlinzi, wanunue kwa fedha zangu. Kituo kilipopata fedha, niliacha kununua. Magodoro yote yamo stoo kwangu, hata nailoni hazijatolewa. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuyalalia, ndiyo maana hakuna aliyemsimulia mwenzake.

Majuzi mgongo wangu ulianza kuchubuka, muuguzi akafungua moja. Vidonda vinafunga, mwanangu. Godoro lako ni zuri. Nilitaka ulisikie kwangu kabla sijaondoka.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Pole na mgongo.

Mama alipougua akawa wa kitandani, mwaka ule wa mauzo, aliniomba godoro moja. Nikamwambia, "Vuta subira, mama, lililopo lina oda." Wewe ndiye uliyenifundisha: mteja kwanza, ndugu baadaye. Oda ilikuwa ya mlinzi wako. Vidonda alivyozikwa navyo nilivisafisha mimi kwa mikono yangu. Wewe mazishini ulilia kutupita sote.

Hilo lako linafanyaje kazi? Pampu haivuji? Niandikie ukweli, nina sababu.

Mpwa wako

25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kwa maneno hayo.

Kuhusu mama yako, sikujua. Hapana, nisikudanganye tena. Nilijua anaumwa, sikuuliza analalia nini.

Pampu haivuji. Muuguzi anakanyaga asubuhi na jioni, basi. Kabla yake nilikuwa nalia nikigeuzwa, sasa nalala mpaka naamshwa. Ni raha pekee niliyobaki nayo.

Njoo unione, mwanangu. Msamaha sitaki kuuomba kwa karatasi.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini umeamka salama. Huku hatujambo.

Asante kwa maelezo yako. Nimemsomea mganga mkuu wa hospitali moja yenye wodi ya wagonjwa wasioinuka. Ameagiza magodoro yote, na anataka zaidi. Nafungua karakana.

Vijana wangu watafika na gari Jumamosi asubuhi. Watachukua yote ya stoo, pamoja na hilo ulilolalia, kwa sababu nimeshamuahidi idadi kamili. Usiseme uliyanunua. Umeandika mwenyewe kwamba wateja hawakuwapo.

Mimi sitaweza kuja. Nitakuwa hospitali nawaonyesha wauguzi namna ya kukanyaga pampu. Unajua kanuni, mteja kwanza.

Nimewaagiza vijana wakuinue taratibu. Wakishakurudisha kwenye godoro la kawaida, lalia ubavu wa kushoto. Mama alisema huo ulikuwa na nafuu kidogo.

Mpwa wako