Shamari ya Fundi Atumani Haing'olewi

Baba, mwaka umetimia tangu utuache Ijumaa ile asubuhi, umeshatia udhu na viatu viko mlangoni. Hatuanzi na machozi, maana ulikuwa huyapendi. Tunaanza na habari ambayo wewe ungeiuliza kwanza: shamari yako ipo. Imekupita kimo.

Miaka thelathini na minane ulikuwa fundi wa magari. Mteja akianza kukueleza gari lake linaumwa wapi, ulimwambia anyamaze kwanza, ulisikilize lenyewe. Mwenye haraka ulimchelewesha, mwenye shida ulimuwahisha. Mama mjamzito aliyekwama na teksi mbele ya garaji hakuteremka hata mguu. Ulilala chini ya gari na kanzu yako ya Ijumaa, na nyumbani ukapata maneno kwa sababu ya kanzu.

Ulipostaafu ndipo yakaja haya ya bustani, na yalianza kwa kosa. Mama alikutuma shamari ya chai, tumbo lilikuwa linamsumbua. Ukarudi na pakiti ya mbegu yenye picha, imeandikwa kwa Kifaransa: fenouil bronze, yaani shamari ya rangi ya shaba. Dukani ulikuwa umesoma neno moja tu. Bronze uliyoijua ni ile ya vipete vya ndani ya demareri, mota ya kuwashia gari, na ukajiambia kitu chenye bronze hakiwezi kuwa kibaya. Mama akageuza pakiti, akaona ni ya kupamba bustani.

"Nimekutuma dawa ya tumbo, we unaniletea maua?"

"Tutayaangalia tu," ukasema. "Tumbo itapoa."

Yakaota. Majani laini kama nywele za mtoto mchanga, ya kahawia iliyoingia wekundu, na juu yake maua ya njano. Ukipita ukayagusa, nguo inanukia mpaka jioni. Jirani yetu Mama Concilie akasimama getini akakuuliza: "Baba Assia, hii inakuliwa?" Apana. "Inauzwa?" Apana. "Sasa ni ya nini?" Ukamjibu: "Ni ya kuangalia." Alicheka mpaka akashika ukuta. Baada ya wiki moja mtaa wetu mzima wa Gasenyi ulijua kwamba fundi mzima amestaafu ili apande majani ya kuangalia.

Hukujali hata kidogo. Kila asubuhi ulikuwa humo na mkasi wako wa kukatia gasketi, unakata vichwa vya maua kabla mbegu hazijadondoka, kwa sababu zikidondoka zinaota mpaka kwenye kizingiti. Viwavi vilipokuja kula majani, mjukuu wako Amira akataka kuvipiga dawa. "Waache," ukamwambia, "nao ni wateja." Nyanya za Mama zilizokuwa karibu zikadumaa, maana shamari haipendi kupakana na mtu, na hapo vita vikaingia nyumbani. Miaka sita Mama aliyasema majani yako asubuhi na jioni. Na wewe jibu lako lilikuwa moja: "Nyanya iko soko. Hii iko soko?"

Sasa tuseme lililotuudhi, kwa sababu hatukuandika tangazo hili ili tunyamaze.

Miezi mitatu iliyopita kaka yako, Baba mkubwa Twahiru, alikuja na wafanyakazi wawili, majembe, na lori la mchanga likamwaga nje ya geti. Hitma yako ya mwaka inakaribia, akasema, na watu hawawezi kuja kukusomea wakakaa juu ya majani. Bustani ifyekwe, isawazishwe, itiwe saruji. Na baada ya hitma gari lake lingepata pa kulala. Hilo hakulisema, lakini sisi si vipofu.

Mwanao Khaled akamwomba angalau tuihamishie nyuma ya nyumba. Mimi bintiyo Assia nikamkumbusha ulichotufundisha: shamari ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka moja kwa moja, ukiukata umeiua. Haihami. Basi, mfanyakazi wa kwanza akainua jembe.

Ndipo Mama akatoka na kigoda cha jikoni. Mama yule yule wa nyanya! Akakiweka katikati ya shamari, akaketi, akavuta mtandio wake vizuri.

"Shemeji," akasema, "hii majani mi nimeisema vibaya miaka sita. Niliisema kwa sababu ni ya bwana yangu. We, apana."

Wallahi, Baba, ungekuwepo kofia ingekudondoka kwa kicheko. Wafanyakazi wakaangaliana, wakaweka majembe chini. Baba mkubwa akasema tunamtii mtu aliyekufa kuliko mtu aliye hai. Ndiyo. Kosa hilo tunalikubali, na tutalirudia. Walipoondoka tulilia sote, hatufichi. Kukuzika mara moja kulitosha.

Mchanga wake ungali pale nje ya geti. Sisi hatuna mkono wako, Baba. Vichwa vya maua tulichelewa kuvikata, mbegu zikapeperuka, na sasa mchanga wa Baba mkubwa umeota shamari. Mama Concilie ndiye aliyeiona kwanza. Alituita kwa kelele mpaka mtaa mzima ukatoka, na siku hizi anaimwagilia kwa maji ya kwake. Haombi ruhusa kwa mtu.

Kwa hiyo ndugu, majirani, mafundi wenzako na waumini wote wasikie: hitma ni Jumapili hii baada ya Adhuhuri, nyumbani Gasenyi. Mikeka itatandikwa kwenye njia zilizo kati ya shamari, wanaume upande wa ukuta, wanawake upande wa jikoni. Atakayeona nafasi ni ndogo, asimame. Atakayerudi kwake ananukia, asije kutulalamikia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Khadidja. Wanao Khaled, Mwantum, na mimi Assia niliyeandika. Wajukuu Amira na Jordan. Na kaka yako Twahiru, aliyesema jina lake lisiwekwe hapa. Ni kaka yako wa tumbo moja, kwa hiyo limewekwa. Baba mkubwa, kwa heshima zote, mkeka wako utakuwa wa mbele. Njoo. Jembe liache nyumbani.

Allah akurehemu, Baba. Hatukusahau, na hatung'oi.