Aparei kubwa na ile ya mfukoni

Jumapili, Mururu

Na bado nasikia sauti ya Koko: "Hicho kidude cha batoto hakiwezi kunipiga mimi foto."

Ulikuwa ubatizo. Koko, nyanya ya mtoto, hana foto hata moja, zote ziliungua na nyumba wakati wa vita. Mimi mpiga foto nilitoa aparei ndogo ya kupigia foto, kwa sababu ile kubwa inaniletea matata na basoda, askari ba njiani. Nilipobonyeza, alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Huku kwetu foto ni aparei nzito na kukaa wima bila kucheka. Na mimi mjinga nikamsikiliza. Nikatoa ile kubwa, filimu yote ikaisha kwa Koko na mtoto magotini.

Wakati wa kurudi, basoda ba bariyeri, kizuizi cha barabarani, bakaona begi. "Hizi foto unapelekea nani ng'ambo?" mmoja akauliza.

"Ni ubatizo tu, afande."

Akafungua aparei, akavuta filimu yote kwenye jua, polepole, kama mtu anayetoa matumbo ya kuku. Mfuko wangu, wenye aparei ndogo, hakuugusa.

Koko ameshaandaa ukuta wa kutundika foto yake. Nitampelekea foto moja iliyobaki, ya aparei ndogo. Mgongo wake.