Maji ya Baba

Jumapili, nimerudi Kitale.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Maji ya kisima chetu kule Malakisi yana chumvi, na daktari alimkataza Baba chumvi kwa sababu ya presha. Kwa hivyo Mama huyachemsha mpaka yabaki nusu sufuria.

"Si chumvi inatoka na mvuke?" akaniambia, akijivunia.

Darasani ningetaja ioni za kloridi. Kwake nilisema tu kwamba mvuke ni maji matupu, chumvi hubaki yote ndani, tena kali zaidi.

Baadaye nilimkuta nyuma ya jikoni akimwaga maji hayo ya kuchemsha kutoka kwenye thermos ya Baba, polepole.

"Na kila akilia kiu," akasema, "mimi namuongezea."