Wa Ndani Ndiye Anayekula Damu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamalizwa, nakuandikia kwa simu maana kutoka siwezi, mimi ni fundi cherehani, mwezi wa pili huu damu yangu inapotea na sina hata jeraha, macho yamegeuka manjano, mkojo mweusi kama kahawa, nikipanda ngazi tatu moyo unanipiga masikioni mpaka nageuka kuangalia nani ananifuata, hospitali wakaniongezea damu nayo ikaisha vilevile, ndipo daktari akasema kwa mdomo wake, "Mama, damu yako inaliwa na wa ndani, siyo wa nje," na ndani kwangu tupo wawili tu, mimi na wifi yangu, tangu mume wangu asafiri kikazi. Juzi mchana nimejilaza, nikashtuka vidole baridi vinanifunua kope, kumbe ni yeye, kaniinamia, ananong'ona, "Bado peupe." Peupe nini? Na vidonge vya hospitali ananipa yeye, basi siku ya nne leo navitema, nimejifungia chumbani, namsikia anahema nyuma ya mlango. Naogopa, mshauri. Nimfukuzeje?

Fundi Niliyekwisha

*

Fundi, pole sana, lakini umenikera. Huyo wa ndani ni mwili wako mwenyewe! Mwili una walinzi wa kupambana na maradhi. Wako wamechanganyikiwa, wanavunja chembe nyekundu za damu wakidhani ni adui. Umanjano wa macho na weusi wa mkojo ni mabaki ya chembe hizo. Vidonge ulivyokuwa ukivitema ndivyo vinavyowatuliza, tena havikatizwi ghafla. Daktari huvipunguza kidogo kidogo, wiki hata miezi, huku akikupima damu. Wengi hupata nafuu wakarudi kwenye kazi zao. Daktari wako naye angefafanua, maneno yake yalikuwa ya kutisha.

Nilipiga namba yako mara nne, kimya. Ya tano ilipokelewa na mwanamke anayehema: alisikia simu inaita tu, akavunja mlango kwa bega. Nikamuuliza habari za kope. Muuguzi ndiye aliyemfundisha kutazama ndani ya kope kama wekundu wa damu umerudi.

"Peupe kabisa," akaniambia, analia. "Na haamki."

Nimemwambia akukimbize hospitali muda huo huo, na vidonge vyote mkononi. Ukiyasoma haya wodini, usimuulize habari za mlango. Pokea kidonge mkononi mwake, ukimeze akikuangalia.