Chumba cha Binti Yangu Bado Hakina Mlango

Jumapili, tarehe 14 Julai. Huu ni mwaka wa sita tangu nitoke nyumbani.

Shangazi mpendwa wa gazetini, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana nina furaha mpaka mwiko unaniteleza, na mpiga plasta akikosa utulivu ukuta unamuumbua. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo vumilia mwandiko. Binti yangu wa kwanza amechaguliwa kusomea udaktari. Naandika tena ili uione vizuri: udaktari! Katika ukoo wetu aliyewahi kuisogelea hospitali kuliko wote ni babu yangu, alikuwa akifyeka nyasi za pale.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Kwetu kuna chuo kidogo cha udaktari, ukisimama kwenye duka la kushona nguo la mama yake binti unaliona geti, na huku ninakofanya kazi kuna chuo kikuu chenye hospitali kubwa, na binti aliomba vyote viwili, cha kwetu chaguo la kwanza na cha huku la pili, ili kimoja kikimkataa kingine kimpokee. Mara redio ya pale kazini ikatangaza kwamba vyuo hivyo vimeunganishwa kuwa kimoja, mimi nikasikia nusu, nikajua cha kwetu kimefungwa, nikashuka kwenye jukwaa la ujenzi na mwiko mkononi nikampigia simu. Akaniambia, “Baba, hakijafungwa, kimeunganishwa,” lakini na yeye alikuwa na hofu, kwa sababu machaguo yake mawili yalikuwa yamegeuka moja, wakimkataa wamemkataa kotekote. Hata wale walioko mwaka wa tatu hawakujua vyeti vyao vitaandikwa jina la chuo gani, wala walimu gani watabaki. Tukakaa roho juu mwezi mzima, mama yake akakosea kukata vitambaa vya watu, na wiki iliyopita majibu yakatoka, amepata! Nilipiga ukelele nyapara wetu akaja mbio, akadhani nimeanguka.

Tangu siku hiyo jina langu hapa ni Baba Daktari. Fundi bomba amenifuata na suruali ameikunja, “Mpigie binti yako umuulize kuhusu hili goti.”

“Hajaanza hata siku moja!”

“Basi aanzie na goti langu.”

Sasa shida. Chuo kimewaambia wanafunzi wapya wachague kabla ya Ijumaa, waanzie tawi la kwetu au tawi la huku, ila kuanzia mwaka wa nne wote watakuja huku kwenye hospitali kubwa kujifunza wodini. Binti kaniambia, “Baba, sema wewe. Utakachosema ndicho nitakachofanya.” Shangazi, nilimwacha ananifikia kifuani, leo mama yake anasema amempita urefu, na mimi namwona kwenye simu tu, tena upande wa paji la uso kwa sababu mtandao wetu unakatakata. Na hosteli ya hao wanafunzi wapya, unajua nani anaijenga? Sisi! Nimeshamchagulia chumba, ghorofa ya tatu, cha pembeni, dirisha linapata jua la asubuhi, nimekipiga plasta peke yangu mpaka nyapara akaniuliza, “Hiki unakipiga plasta au unakipaka mafuta ya kujipaka?” Kweli milango bado, na maji hayajafika juu, nyapara anasema Januari na masomo yanaanza Oktoba, lakini mimi naona tukikazana tutawahi.

Binti ananiambia pia kwamba kule kwetu wanafunzi wanane wanaizunguka maiti moja ya kujifunzia, huku ni zaidi ya ishirini, wa nyuma wanaona mabega ya wenzao. Mambo hayo mimi siyajui, nilimwambia wewe ni mrefu utaona. Mama yake ndiye kanimaliza kabisa. Alisema, “Wewe unataka mtoto asome au unataka jirani?” akakata simu.

Nilikuwa nimemwahidi mama huyo kwamba mkataba ukiisha Septemba narudi. Binti akija huku naongeza mkataba, akibaki kule nafunga mzigo. Kwa hiyo tarehe ya kurudi naiacha wazi, Shangazi. Utaijaza wewe.

Ni mimi, Baba Daktari, ghorofa ya tatu.

*

Marahaba, Baba Daktari, na hongera tena na tena! Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na tulipofika kwa babu wa kufyeka nyasi watu waliacha kazi. Sasa geuza ndoo ukalie, nikuseme.

Binti amekuuliza akasomee wapi. Wewe unatafuta wapi utamwona. Hamu yako naielewa, miaka sita si mchezo, lakini usimkabidhi yeye aibebe. Chumba hakina mlango wala maji. Unataka daktari wetu alale nyuma ya turubai mpaka Januari, akajisomee mifupa kwa tochi? Nyumba ya mtu mwingine ungekataa kuikabidhi hivyo.

Halafu zile habari za maiti umeziruka kama mtu anayeruka dimbwi. Hebu rudi uzisome. Mtoto anayemweleza baba yake kwamba kwenu ni wanane na huko ni zaidi ya ishirini ameshachagua, ndugu yangu. Anaogopa tu kukuvunja moyo. Na wewe ukamjibu habari za urefu!

Umeandika mwenyewe kwamba mwaka wa nne atakuja huko. Hosteli wakati huo itakuwa na milango, na bawaba zimeanza kulia. Kazi yenu ya leo ni kuhakikisha nafasi hiyo haipotei. Kwa kuwa vyuo vimeungana juzi na kila ofisi inaisukumia nyingine, binti aende na mama yake wakaulize mambo mawili na wajibiwe kwa maandishi: wanaoanzia tawi la kwenu wana uhakika wa nafasi hospitali kubwa mwaka wa nne? Na cheti kitakuwa kimoja kwa wote? Wakijibiwa ndiyo, achague kabla ya Ijumaa bila kutazama nyuma.

Leo ukinawa mikono tu, mpigie. Usianze na hotuba. Mwambie, “Mwanangu, anzia nyumbani, nakuja.” Akilia, mwache alie, na wewe ukilia, wale mafundi wameshakuzoea. Kisha mpigie mama yake umwambie ameshinda. Mkataba usiuongeze. Chumba kile kimalize kwa ulaini uleule, maana atalala humo binti wa mtu. Fundi bomba aende zahanati.

Tarehe uliyoiacha wazi nimeijaza kwa wino: unarudi Septemba. Oktoba binti akiingia kwenye lile geti na koti lake jeupe lililoshonwa na mama yake, nataka uwe umesimama mlangoni pa duka. Mlango huo upo tayari.